Video Ghafi: Nuru Kabla ya Kupikwa na Kamera

Mpiga picha anapomrekodi mtu aliyeketi karibu na dirisha wakati wa adhuhuri, hukabiliwa na taabu ya siku nyingi. Uso wa mtu umo kivulini, ilhali mbingu nje ya dirisha inawaka. Akiirekebisha kamera ili uso uonekane, mbingu hugeuka doa jeupe lisilo na wingu hata moja. Akiirekebisha ili mawingu yaonekane, uso huzama gizani. Aghalabu lawama hutupiwa lenzi. Lakini katika kamera nyingi za kidijitali sehemu kubwa ya hasara haitokei katika jicho la kamera. Jicho liliona mengi zaidi ya yale yaliyohifadhiwa. Yaliyopotea yalitupwa baadaye, ndani ya kamera yenyewe, kabla video haijafika kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mwaka 2013 kikundi cha wanaprogramu wa kujitolea kilifanikiwa kuyaokoa yale yaliyokuwa yakitupwa, pasipo kubadili lenzi, waya wala skrubu hata moja ya kamera. Jambo hilo lilifanywaje, na lina gharama gani?

Safari ya nuru

Kamera zinazohusika ni zile za picha zenye lenzi ya kubadilishwa na kioo cha ndani kinachoipeleka taswira kwenye tundu la kutazamia. Hujulikana kwa herufi DSLR. Wakati wa kurekodi video kioo hicho huinuliwa, na nuru hufika moja kwa moja kwenye kihisi.

Kihisi ni kibamba cha silikoni chenye mamilioni ya vituo vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli hugeuza nuru iliyoipata kuwa chaji ya umeme. Chaji hiyo hupimwa na kuandikwa kama namba. Pikseli peke yake haitambui rangi. Kwa hiyo juu ya kila moja huwekwa chujio dogo: jekundu, la kijani au la buluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila kundi la pikseli nne, mbili huwa za kijani, moja nyekundu na moja buluu, kwa kuwa jicho la binadamu hupambanua vyema zaidi nuru iliyo karibu na kijani.

Namba hizo, kabla hazijaguswa, ndizo data ghafi. Katika kamera nyingi za DSLR kila namba huandikwa kwa biti 14, yaani huweza kuonyesha ngazi 16,384 za nuru, kutoka giza hadi weupe kamili.

Hapo ndipo upishi unapoanza. Kichakataji cha kamera hukisia rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli, huamua nyeupe iwe ipi, huongeza ukali wa mistari, kisha huzipunguza namba kutoka biti 14 hadi biti 8. Ngazi 16,384 hubaki 256 tu. Baada ya hapo video hubanwa kwa kanuni iitwayo H.264, ambayo huacha sehemu kubwa ya habari za rangi na kufuta mambo madogo ambayo jicho halitarajiwi kuyagundua.

Tofauti hii ni kama ile ya mchele na wali. Mwenye mchele anaweza kupika wali, pilau au vitumbua. Aliyekabidhiwa wali uliokwisha kutiwa chumvi hana budi kuula ulivyo. Mpiga picha mwenye video iliyopikwa akijaribu kuung’arisha uso uliomo kivulini, hukuta ngazi chache mno za kufanyia kazi: ngozi hugawanyika mabaka mabaka na chenga hujitokeza. Mwenye data ghafi hukuta mamia ya ngazi bado yamehifadhiwa mahali hapo hapo.

Taa ya kiajabu

Mnamo Septemba 2008 kampuni ya Canon ya Japani ilitangaza kamera ya EOS 5D Mark II. Ilikuwa kamera ya picha za kawaida, lakini iliweza pia kurekodi video ya pikseli 1,920 kwa 1,080. Kihisi chake kilikuwa na ukubwa wa picha ya filamu ya milimita 35, hivyo kiliweza kutoa taswira iliyofanana na ya sinema kwa bei ndogo kuliko ya kamera za sinema. Mwaka 2010 kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao House kilipigwa kwa kamera hiyo.

Hata hivyo ilikuwa na upungufu. Mmojawapo ulihusu sauti. Kamera ilijiongezea nguvu ya maikrofoni yenyewe: msemaji alipotua kidogo, kamera ilidhani sauti imefifia, ikaikuza, na mvumo wa chumba ukapanda mithili ya upepo. Mwaka 2009 mwanaprogramu Mmarekani, Trammell Hudson, alianza kuichunguza programu iliyomo ndani ya kamera. Programu ya namna hiyo ndiyo inayoamuru kila kitendo cha mtambo, tangu kitufe kinapobonyezwa hadi faili inapoandikwa. Hudson alitunga programu ya nyongeza iliyomwezesha mtumiaji kuidhibiti sauti mwenyewe na kukiona kiwango chake kwenye skrini. Akaiita Magic Lantern, jina la taa ya kiajabu ya karne ya 17 iliyomulika picha ukutani, ambayo Christiaan Huygens wa Uholanzi ni miongoni mwa waliohusika na uvumbuzi wake. Canon nayo iliongeza udhibiti wa sauti katika programu yake mwezi Machi 2010.

Magic Lantern hutolewa bure kwa leseni ya GPL. Kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuisambaza, ili mradi naye awape wengine ruhusa hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo wanaprogramu wa nchi mbalimbali, wengi wao bila kukutana ana kwa ana, waliiendeleza na kuipeleka katika kamera nyingine za Canon.

Namna inavyofanya kazi inastahili kuangaliwa. Magic Lantern haifuti programu ya kiwanda. Mtumiaji huiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, na alama ndogo huandikwa ndani ya kamera kuiagiza iikague kadi kila inapowashwa. Kamera ikiikuta faili ya nyongeza, huipakia katika kumbukumbu, nayo hufanya kazi sambamba na programu ya kiwanda. Ni kama msaidizi aliyeingia jikoni: mpishi hakufukuzwa, bali pembeni yake kuna mtu anayeweza kushika sufuria kabla haijawekwa motoni.

Kuichukua picha kabla ya jiko

Kampuni haikuwa imetoa ramani ya programu yake. Wanaprogramu walinakili yaliyomo katika kumbukumbu ya kamera, wakayatafsiri kutoka namba tupu hadi amri za kichakataji, na kuanza kuuliza kila kipande kinafanya kazi gani. Ilikuwa kazi ya subira, iliyofuata njia ya sayansi hasa: dhana, jaribio, kosa, dhana mpya.

Katika uchunguzi huo waligundua kwamba, wakati taswira inaonekana kwenye skrini, kila fremu hukaa kwa kitambo kidogo mno katika kumbukumbu ikiwa bado ghafi, ikingoja kupikwa. Wakijua anwani ya mahali hapo, wangeweza kuamuru fremu inakiliwe kwenye kadi kabla ya fremu inayofuata kuifunika. Mwezi Mei 2013 walifaulu kufanya hivyo mfululizo kwa kamera ya EOS 5D Mark III, iliyotangazwa mwaka 2012. Kihisi cha kamera hiyo kina pikseli 5,760 kwa upana. Katika hali ya video pikseli huunganishwa tatu tatu, na upana hubaki 1,920, kipimo kile kile cha video kamili.

Hesabu ya mafuriko

Ikiwa nuru ghafi ni bora, kwa nini kiwanda hakikuihifadhi tangu mwanzo? Hesabu fupi yaonyesha sababu kubwa.

Fremu moja ina pikseli 1,920 × 1,080, yaani 2,073,600. Kila pikseli ina biti 14, na biti 8 hufanya baiti moja. Hivyo fremu moja ni baiti 3,628,800. Kwa fremu 24 katika sekunde, kadi hupaswa kupokea baiti 87,091,200, yaani takribani megabaiti 87 kila sekunde. Kwa kulinganisha, video iliyobanwa kwa ubora wa juu kabisa katika kamera hiyo hiyo huhitaji megabaiti 685 kwa dakika nzima, chini ya 12 kwa sekunde. Kadi ya gigabaiti 64 ambayo hutosha kwa zaidi ya saa moja na nusu ya video iliyopikwa hujaa kwa dakika 12 tu za video ghafi. Saa moja ya video ghafi huhitaji zaidi ya gigabaiti 300.

Kumbukumbu ya kamera hapa ni kama pipa lenye mfereji juu na bomba chini. Bomba, ambalo ni kadi, likipitisha maji pungufu ya yale yaingiayo, pipa hufurika mapema au baadaye, na fremu huanza kupotea. Ndiyo sababu video ghafi ya kipimo kamili ilihitaji kadi za kasi na za bei kubwa, na kamera ndogo zenye njia finyu ya kadi zililazimika kurekodi fremu za pikseli chache zaidi.

Faida na mipaka

Upishi ambao kamera haikuufanya humwangukia binadamu. Kila fremu hufunguliwa kwenye kompyuta kama picha kamili, rangi hupangwa, kivuli huinuliwa, kisha zote huunganishwa. Hapo mwanzo video ghafi hazikuwa na sauti. Ilibidi sauti irekodiwe kwa chombo kingine na kuoanishwa baadaye.

Wala video ghafi si dawa ya kila ugonjwa. Pikseli iliyojaa nuru ni kama ndoo iliyofurika: maji yaliyomwagika hayapimiki tena. Mawingu yaliyoizidi nguvu pikseli hayatarudi, iwe biti ni 8 au 14. Lenzi mbovu hubaki mbovu, na taswira iliyotikisika hubaki imetikisika.

Iko pia hatari. Magic Lantern haina dhamana ya mtengenezaji wa kamera, na watunzi wake huwaeleza watumiaji waziwazi kwamba lolote litakalotokea ni juu yao. Anayetaka kurekodi tukio lisilorudiwa, kama vile arusi au ushahidi wa mzee wa makamo ya miaka tisini, hana budi kuupima mtambo wake mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Kadi ikisimama katikati ya maneno, ubora wa biti 14 hautamfaa kitu.

Bwana wa chombo

Miaka saba ilipita. Mwaka 2020 Canon yenyewe ilileta kamera za EOS-1D X Mark III na EOS R5, zinazoweza kurekodi video ghafi ndani yake bila nyongeza ya nje. Kadi zilikuwa zimeongezeka kasi, na lililofanywa na wadadisi likawa jambo la kawaida la kiwandani.

Funzo linalobaki ni pana kuliko upigaji picha. Kila chombo cha kidijitali humkabidhi mtumiaji matokeo ya maamuzi yaliyokwisha kufanywa na wengine: kipi kitunzwe, kipi kitupwe. Maamuzi hayo mara nyingi ni ya busara, na wengi hawana haja ya kuyabadili. Lakini mwenye kuyafahamu huweza kuchagua, na asiyeyafahamu huchaguliwa. Uso ule wa dirishani ulikuwamo ndani ya kamera muda wote; ilitakiwa mtu aulize ulipotelea wapi.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kamera inarekodi video ghafi ya pikseli 1,280 kwa 720, biti 14, fremu 25 kwa sekunde. Je, kadi inayopokea megabaiti 35 kwa sekunde itatosha? Onyesha hesabu.

2. Biti zikipunguzwa kutoka 14 hadi 12, ngazi za nuru hubaki ngapi? Ukubwa wa faili hupungua kwa sehemu gani?

3. Eleza kwa nini pikseli iliyofurika haiwezi kurekebishwa kwenye kompyuta, ilhali ile iliyomo kivulini yaweza kusaidiwa.