Mfundishe Mbwa Mchanga Asiume

Katika miji ya machimbo kama Katoro, Nyarugusu, Kahama na Mwakitolyo, wananchi wengi hununua mbwa kwa ajili ya kulinda nyumba, duka au mawe ya dhahabu yanayosubiri kusagwa. Mnunuzi hufurahi akimwona mbwa mchanga aking'ata vidole na pindo za nguo, akidhani kwamba huo ni ukali wa mlinzi. Ukweli ni kwamba mbwa wa umri huo huuma kwa kucheza na kwa sababu fizi zinamwasha. Asipofundishwa, atafikisha mwaka mmoja akiwa na taya zenye nguvu na tabia ile ile, na atakayeumia kwanza ni mtoto wa nyumbani au wa jirani.

Kabla ya kununua

Mwulize muuzaji umri wa mbwa, na usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Akiwa na ndugu zake hujifunza kwamba aking'ata kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Anayetenganishwa nao mapema mno hukosa somo hilo, na kazi yote humwangukia mnunuzi. Omba pia kumwona mama yake na kadi yake ya chanjo.

Namna ya kumfundisha

Meno yakigusa ngozi, tuliza mkono. Usiuvute kwa ghafla, kwa kuwa mbwa hukimbilia kitu kinachomkwepa. Sema neno moja fupi, kwa mfano "Acha", kisha mpe mgongo kwa nusu dakika. Akitulia, endelea kucheza naye. Watu wote wa nyumbani wafuate kanuni hiyo moja. Mmoja akimkataza na mwingine akimchekea, mbwa hatajua lipi ni sahihi.

Mpe kitu chake cha kutafuna, kama kipande kinene cha kamba ya katani au tambara safi lililofungwa mafundo. Usimpe kiatu kikuukuu, kwani hatakitofautisha na kipya. Usimpe kamwe dumu au tambara lililotumika katika mwalo wa kuchenjulia dhahabu, kwa maana huenda lina mabaki ya zebaki. Mifupa iliyopikwa nayo haifai. Huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumjeruhi tumboni.

Meno ya utoto huanza kung'oka katika mwezi wa 3 au wa 4, na meno 42 ya ukubwani hukamilika karibu na mwezi wa 7. Katika kipindi hicho mbwa hutafuna zaidi, hivyo subira inahitajika.

Usimpige mdomoni. Mbwa apigwaye hujifunza kuuogopa mkono, na mbwa mwenye hofu huweza kuuma bila kutoa onyo. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na mbwa, wala wasimsumbue anapokula au kulala.

Haya hayatamwondolea mbwa ulinzi. Mlinzi mwema hubweka na kumwamsha mwenye nyumba. Mbwa anayeuma bila kuchagua humletea mwenyewe mashauri na gharama.

Akikuuma

Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, na mbwa mchanga naye huweza kuwa nacho. Kwa hiyo jeraha lisidharauliwe kwa sababu ni dogo. Lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na akianzishiwa chanjo akamilishe dozi zote. Dawa za kienyeji zisichukue nafasi ya chanjo, kwani dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Mpeleke mbwa wako kwa afisa mifugo wa kata achanjwe anapofikisha miezi 3, na arudiwe kila mwaka. Tunza kadi yake mahali salama, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa kwanza siku atakapomuuma mtu.

Samaki mkunje angali mbichi: dakika chache za mafunzo kila siku katika miezi ya mwanzo huwaepusha watoto wetu na majeraha ya miaka ya baadaye.