Hesabu Zigeukapo Picha

Hesabu ni kitu cha kweli, lakini mara nyingi ni kitu kikavu. Mtu akisomewa safu ndefu ya tarakimu, huzisikia zote asikumbuke hata moja. Walakini akionyeshwa picha iliyofanywa kwa uangalifu, huelewa upesi, na alilolielewa hukaa moyoni mwake. Ndiyo sababu siku hizi wanafunzi wa shule nyingi hujiunga katika vikundi, wakachunguza jambo moja, kisha wakaligeuza kuwa video ya michoro itembeayo. Kazi hiyo huonekana mpya, lakini kanuni zake nyingine ni za zamani, nazo zilitumika katika mji wa Vienna, nchi ya Austria.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, watu wengi wa Vienna walikuwa hawana nyumba njema, na ugonjwa wa kifua kikuu uliwaua wengi. Serikali ya mji ilijenga nyumba kwa fedha za kodi, na walipa kodi walistahili kujua fedha zao zilivyotumika. Basi mwaka 1925 Otto Neurath, mtu mwenye elimu ya uchumi, alianzisha huko nyumba ya maonyesho, ili kila mtu, hata asiyesoma sana, apate kuzijua habari za mji wake kwa picha.

Kazi iligawanywa kwa watu wa namna tatu. Wa kwanza walikusanya hesabu na kuzihakikisha. Wa mwisho walichora, na mmoja wao alikuwa Gerd Arntz, fundi hodari wa kufanya alama nyepesi kutambulika. Katikati yao alikaa mgeuzaji. Huyu aliziangalia hesabu, akatafuta neno lililo kubwa ndani yake, akachagua la kuonyesha na la kuacha, kisha akapanga picha ikae namna gani. Aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Marie Reidemeister, ambaye mwaka 1941 aliolewa na Neurath.

Kanuni yao kubwa ilikuwa hii: wingi wa vitu uonyeshwe kwa wingi wa alama, si kwa ukubwa wa alama. Kwa mfano, kijiji kimevuna magunia 100 ya mahindi, na mwaka wa pili magunia 200. Mchoraji akilichora gunia la pili kwa urefu mara mbili na upana mara mbili, eneo lake karatasini huwa mara nne. Jicho litaona mavuno yameongezeka mara nne, na picha itakuwa imesema uongo, ingawa tarakimu ni za kweli. Lakini alama moja ikiwa ni magunia 50, mwaka wa kwanza hupata alama mbili na wa pili alama nne, azihesabuye hadanganyiki.

Mwaka 1934 Neurath alihamia Uholanzi, na mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoingia huko, yeye na Marie walivuka bahari kwa mashua kwenda Uingereza. Huko alama zao zilitiwa katika sinema. Mwaka 1943 zilionekana zikitembea katika filamu ya Paul Rotha iitwayo World of Plenty, iliyoeleza habari za chakula duniani. Katika sinema picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde. Hivyo dakika moja ina picha 1,440. Zamani michoro hiyo ilifanywa kwa mkono. Leo mtu huweka mchoro wa mwanzo na wa mwisho, na kompyuta hujaza iliyo katikati.

Walakini wepesi huo haukuondoa kazi ya mgeuzaji. Kikundi cha wanafunzi huanza na swali moja, kikakusanya hesabu na kuandika zilikotoka. Kisha huandika maneno yatakayosemwa, na kuchora karatasini visanduku vya picha kwa mfuatano, kila kisanduku na jambo lake moja. Ndipo hufuata michoro, sauti, na kuviunganisha. Kabla ya kuionyesha video kwa watu wengi, wanafunzi humwita mtu asiyeijua habari ile, wakamwonyesha mara moja tu, wakamwuliza ameelewa nini. Jibu lake likiachana na hesabu, kosa si lake. Picha ndiyo irudiwe.