Si lazima ufike Japani: kutembeza watoto kwenye mashini na fromaji hapa Ndosho



Mwenzetu mmoja wa promosyo, aliyesomea Japani na kubaki kule, alinitumia picha za watoto wake wamevaa aproni na vitambaa vya kichwa. Walikuwa Ikeda, karibu na Osaka, kwenye makumbusho ya zile tambi za haraka ambazo Momofuku Ando alizivumbua mwaka 1958 katika kibanda cha nyuma ya nyumba yake. Watoto wanakanda unga wenyewe, wanakata tambi, wanarudi nyumbani na pakiti zao. Japani hilo ni jambo la kawaida, hata shule za msingi hupeleka wanafunzi kuona viwanda vya vyakula.

Nilionyesha mke wangu. Akacheka: "Na sisi, Papa, tutaonyesha batoto nini? Majiwe ya volkano?"

Basi likizo hii nilichukua watoto wanne: watatu wangu, na mtoto wa dada yangu wa miaka 11 ambaye anaishi kwetu tangu walipokimbia Masisi. Huyo wa mwisho ni mtoto wa kimya. Tangu afike, anajibu tu anapoulizwa.

Tulianzia kwenye mashini ya kusaga, dakika tano kwa mguu. Watoto wangu wanatumwa pale kila wiki, lakini hawajawahi kupita mlango. Mwenye mashini aliwaonyesha mihogo mikavu kabla ya kusagwa. Binti yangu akauliza kwa nini inanuka vile. Jibu lilikuwa somo zima: muhogo mchungu una sumu, sianidi, ndiyo sababu mama zetu wanauloweka siku tatu au ine, halafu wanauanika. Kule watu wanapofupisha siku kwa sababu ya njaa, na hawana chakula kingine cha kuchanganya, unaweza kutokea ugonjwa wa konzo, ambao unafunga miguu na haifunguki tena. Umejulikana zamani upande wa Kwango, magharibi mwa nchi yetu. Ile harufu, kumbe, ni alama ya kazi iliyofanyika. Nimekula fufu miaka 40 na sikuwahi kueleza watoto wangu jambo hilo.

Kutoka pale tukaenda kwa watu wa fromaji. Ni nyumba ya mbao tu, vyumba viwili, hakuna kibao mlangoni. Mnajua fromaji yetu, ile mviringo ya Masisi ambayo watu walikuwa wanabebea jamaa zao Kinshasa kwa ndege. Ufundi wake uliletwa na mapadri wa Kizungu, na wafugaji wa milimani wakaushika wenyewe. Fromaji nyingi inatengenezwa kule kule kwenye mashamba, lakini pale maziwa yanafika kwa moto, ndani ya bido, asubuhi mapema.

Kazi yenyewe ni hivi. Maziwa yanapashwa moto kidogo tu, yasizidi joto la mwili. Wanatia dawa ya kugandisha, ambayo asili yake ni tumbo la ndama, na wanangoja kama nusu saa au zaidi. Hapo watoto walichoka, wakaanza kusukumana. Lakini bwana alipochovya kisu na maziwa yakakatika kama sabuni laini, wakanyamaza wote. Anakatakata vipande vidogo, maji ya kijani-manjano yanatoka (hayo ni ya nguruwe), anajaza kwenye vikombe vyenye matundu, anakandamiza na mawe. Kesho yake yanalowekwa katika maji ya chumvi, halafu yanapangwa juu ya mbao na kugeuzwa kila siku kwa wiki kadhaa. Lita kumi za maziwa zinatoa kilo moja hivi. Kijana wangu mkubwa alipiga hesabu pale pale, na tangu siku hiyo halalamiki tena kwamba vipande vya mama yake ni vyembamba.

Sasa lile lililonifanya niandike. Bwana alifungua bido moja, akataka kumimina. Mjukuu wa Masisi, yule wa kimya, akasogea, akanusa, akasema: "Papa, hii maziwa ni ya jana jioni. Bamechanganya."

Bwana akamwangalia. Akanusa, akaonja, akaliweka lile bido pembeni. Akamuuliza nani alimfundisha. Mtoto akaanza kusema: ng'ombe wa baba yake, majina yao, yule aliyekuwa anapiga teke, namna ya kuosha kibuyu, mashanza ya nyanya yake. Alisema kama dakika kumi. Watoto wangu walikuwa wanamwona kama mgeni asiyejua kitu cha mjini, na siku ile yeye ndiye aliyewaeleza. Wakati wa kurudi mimi nilitembea nyuma yao.

Kwa mwenye kutaka kujaribu: nenda peke yako siku moja mbele ukaombe ruhusa, na usiende siku ya soko. Wanne wanatosha, safari ya kwanza nilibeba saba na tukarudishwa mlangoni, na walikuwa na haki. Mkanda wa mashini hauna huruma, kwa hiyo shika wadogo mkono. Picha, omba kwanza, hasa wakati huu. Na nunua kitu, hata nusu kilo, kwa sababu umewapotezea watu asubuhi yao.

Bwana wa fromaji amesema mtoto arudi Jumamosi asaidie kupokea bido. Mama yake bado anafikiri. Sisi wengine tunajiandaa kwenda ziwani kuona sambaza zikishushwa, na kwa hiyo kuamka saa kumi na moja. Mwenye kujua tanuri la mkate linalokubali watoto, upande wa Katindo au Himbi, aniambie.