MSAADA KWA MWENYE KUPUNGUZA MOTO
Mpango wa wakulima wa Marekani, na funzo lake kwetu

Kila mwanachama ajua ya kuwa karafuu ikishachumwa kazi haijesha. Yataka kuchambuliwa, kuanikwa na kuanuliwa, na mvua ikiiwahi hugeuka mpeta, bei ikaanguka. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Zilizosalia ni maji yaliyochukuliwa na jua, na jua halimletei mtu ankara mwisho wa mwezi.

Wakulima wa mahindi wa kaskazini ya Marekani hawana bahati hiyo. Wao huvuna wakati jua limekwisha pungua nguvu. Mara nyingi mahindi hutoka shambani yakiwa na maji sehemu 20 hadi 25 katika kila 100, nayo yapasa kushuka hadi kama 15 ndipo yawekwe ghalani bila ya kuoza. Basi hukaushwa kwa mashine kubwa ziunguzazo gesi, na mapepeo yake huendeshwa kwa umeme.

Mashine kuukuu hutupa nje hewa ambayo bado ina joto. Zilizo bora huirudisha hewa iliyopoza nafaka ikasaidie moto, na zina kipimo cha unyevu kinachozuia nafaka isikaushwe kupita kiasi. Kazi ni ile ile, lakini gesi hupungua. Taabu ni bei ya kuinunua.

Serikali yaingiaje?

Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2002 ilianzisha msaada kwa wakulima na wafanya biashara wadogo wa vijijini wanaotaka kupunguza matumizi ya moto na umeme. Mwaka 2008 mpango huo ulipewa jina la Rural Energy for America Program. Ulitoa ruzuku isiyozidi robo ya gharama, na sheria ya mwaka 2022 ikaruhusu ifike nusu. Pamoja na hayo kulikuwa na dhamana ya mkopo, ili mwenye benki asiogope kumkopesha mkulima.

Msaada haukuwa wa mashine za nafaka peke yake. Taa, vyumba vya baridi, milango na madirisha, na kuta za kuzuia joto lisipotee, yote yalikubaliwa. Nyumba ya mtu ya kulala haikukubaliwa.

Hesabu yake

Tuseme mashine ni dola 60,000, nayo itaokoa gesi ya dola 6,000 kwa mwaka. Mkulima atangoja miaka 10 ndipo fedha zake zirudi. Mzee wa miaka 60 atasema, "Hii kuukuu yanitosha." Akisaidiwa robo, yeye atatoa 45,000, na miaka yashuka kuwa saba na nusu. Akisaidiwa nusu, ni miaka mitano. Msaada hauongezi akiba ya gesi hata kidogo. Kazi yake ni kufupisha kungoja, na kungoja ndiko kunakowakatisha watu tamaa.

Masharti

Kwanza, matumizi hukaguliwa: mwombaji huonyesha alivyokuwa akitumia na atakavyotumia baadaye. Pili, kazi haianzi kabla maombi hayajapelekwa. Tatu, na hili ndilo zito, ruzuku hulipwa kazi ikiisha. Mkulima atangulize fedha zake au akope, kisha arudishiwe.

Twaona sharti la kwanza ni la haki, maana fedha za umma hazifai kutolewa kwa maneno matupu. Lakini hilo la tatu lina mwiba. Mwenye akiba atatanguliza, na mwenye kuhitaji zaidi atabaki mlangoni. Dhamana ya mkopo yapunguza ubaya huo, haiuondoi.

Na sisi je?

Pemba ilipata umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo ilitegemea mitambo ya mafuta. Tangu hapo wengi wameweka majokofu ya barafu, mashine za kukoboa na pampu za maji. Wako pia wanaovukiza makonyo kupata mafuta, na chombo cha mvuke kisichofunikwa vizuri hula kuni bure mchana kutwa. Bandu bandu huisha gogo.

Ukitokea mpango kama huu visiwani mwetu, twaomba mambo mawili. La kwanza, mdogo apewe sehemu ya fedha kabla ya kazi, au ushirika usimame kuwa mdhamini wake. La pili, mkaguzi amfuate mtu shambani kwake, asimwite mjini kwa nauli yake mwenyewe.

Lakini tusikae tukingoja mpango. Kila mwenye mashine aandike kwa miezi mitatu ametumia umeme kiasi gani, kuni mizigo mingapi, na kazi aliyoifanya. Atazame mlango wa jokofu kama wafunga sawasawa, na bomba la mvuke kama li wazi. Mengi ya haya hutengenezwa kwa fedha chache. Na siku msaada utakapokuja, mwenye daftari ndiye atakayekuwa na jambo la kumwonyesha mkaguzi. Wazee walisema, mali bila ya daftari huisha bila ya habari.