Maji ya Maafa: Dawa Inayobaki Ndani ya Dumu

Katikati ya Julai 1994, katika muda wa siku chache tu, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka wa Rwanda na kuingia Goma, mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kipindupindu kilizuka siku chache baadaye. Mwezi mmoja baadaye watu wapatao 50,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Haya yalitokea kando ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake hayaishi. Maji yaliyotakaswa na kuwafikia wakimbizi katika wiki ya kwanza yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku, yaani glasi moja ndogo.

Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Visima havichimbiki kwa jembe, wala vyoo, na hata makaburi yalikuwa taabu. Kambi ya Kibumba, kaskazini mwa mji, haikuwa na chanzo cha maji, hivyo kila tone lilipaswa kuletwa na boza. Jeshi la Marekani lilileta mitambo ya kutakasa maji na kuifunga ziwani. Lakini maji yaliyo safi ufukweni hayamsaidii mgonjwa aliye kambini, na maji yaliyo safi ndani ya boza yanaweza kuchafuka tena yakishamiminwa kwenye sufuria iliyooshwa kwa maji machafu.

Tangu wakati huo vifaa vya kutakasia maji vimekuwa vidogo hata vinaingia mfukoni. Kuna mirija ya kunyonyea maji mtoni, vichujio vyenye nyuzi za matundu yasiyoonekana kwa macho, na tochi za mionzi ya urujuanimno. Pamoja na hayo yote, mafuriko yakipiga Rufiji au Tana River, au vita vikikata maji na umeme Goma kama mwishoni mwa Januari 2025, mashirika ya misaada bado hukimbilia klorini. Ni dawa ya zaidi ya karne moja: mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia mfululizo kwenye maji ya bomba mwaka 1908. Ina harufu, ina ladha, na watu huilalamikia. Kwa nini basi haijang'olewa?

Jibu la haraka ni bei, na lina ukweli. Jibu la kitaalamu ni kwamba klorini ndiyo peke yake, miongoni mwa njia hizi, inayoendelea kufanya kazi baada ya mtakasaji kuondoka.

Adui watatu, silaha tofauti

Vijidudu vya majini vinavyowaletea watu magonjwa ya tumbo vimegawanyika katika makundi matatu, na ukubwa wake ndio unaoamua kifaa kipi kitafaa. Bakteria wa kipindupindu ana upana wa karibu nusu ya mikroni. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vichujio vingi vya nyuzi vinavyouzwa kwa ajili ya safari na dharura vina matundu ya mikroni 0.1 au 0.2, kwa hiyo bakteria huyo hapiti. Virusi ni wadogo zaidi. Kirusi cha rota kina mikroni 0.07, na cha homa ya ini aina ya A kina karibu 0.03. Hao hupenya kwenye vichujio hivyo bila kizuizi. Kundi la tatu ni protozoa, kama kriptosporidiamu, ambaye kwa mikroni 4 hadi 6 ni jitu kwa kipimo hiki.

Klorini, kwa upande wake, huua bakteria upesi na virusi wengi bila shida, lakini kriptosporidiamu amevaa ganda gumu na klorini ya kawaida haimfanyi kitu. Huyo anayeachwa na klorini hukamatwa na kichujio. Anayepenya kwenye kichujio, klorini humuua. Ndiyo maana palipo na uwezo, maji huchujwa kwanza, kisha hutiwa dawa. Anayetangaza kifaa kimoja kuwa kinamaliza kila kitu aulizwe swali moja: na virusi je?

Kuchemsha huua makundi yote matatu. Maji yakitokota kwa dakika moja yanatosha, na kwenye nyanda zilizo juu ya mita 2,000 yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajafikia nyuzi 100. Tatizo ni moto. Familia iliyopoteza nyumba kwa mafuriko haina kuni kavu. Kambi za Goma zilitegemea makaa, na makaa mengi ya huko hutoka kwenye misitu ya Virunga. Kila sufuria ya maji ya kunywa huko ilikuwa na gharama yake msituni.

Jua nalo linatumika. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu, huwa salama kwa mionzi na joto. Ni njia nzuri kwa mtu mmoja mwenye subira. Kwa familia ya watu saba wakati wa masika, chupa hazitoshi na jua halionekani.

Kati ya bomba na mdomo

Njia zote hizo, ukiondoa klorini, zina upungufu mmoja: kazi ikiisha, ulinzi umeisha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotoka kwenye kichujio bora kuliko vyote, hayana kitu cha kujitetea. Mtoto akichota kwa kikombe kilichoanguka chini, vijidudu vinaingia upya.

Jambo hilo lilipimwa mwaka 1993 katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, walikokuwa wakimbizi kutoka Msumbiji. Watafiti walizipa baadhi ya kaya ndoo zenye kifuniko kisichofunguka kwa kuchotea, tundu dogo la kujazia na mdomo wa kumiminia. Hakukuwa na dawa wala mtambo, kilichobadilika ni umbo la ndoo tu. Watoto wa chini ya miaka mitano katika kaya hizo waliugua kuhara kwa asilimia 31 pungufu kuliko wenzao. Mikono ilikuwa imezuiwa kuingia majini, basi.

Klorini hufanya kazi hiyo kwa njia ya kemia. Ikiingia majini hutengeneza asidi ya hipoklorasi, molekuli ndogo isiyo na chaji inayopenya ukuta wa kijidudu na kuharibu protini zake. Sehemu ya dawa huliwa na uchafu uliomo majini. Inayobaki baada ya nusu saa huitwa klorini baki, nayo ndiyo hulinda dumu hadi jioni. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka baki hiyo iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na tope lisizidi vizio 5 vya NTU. Mfanyakazi wa maji hubeba kipimo kidogo cha plastiki na kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi: rangi ikikolea, dawa ipo, maji yakibaki meupe, imekwisha.

Kiasi cha kutia hakikisiwi. Fundi hutengeneza mchanganyiko wa klorini wa asilimia 1, huchukua ndoo nne za lita 20 zenye maji ya chanzo hicho, na kutia kiasi kinachopanda ndoo kwa ndoo. Kila mililita 1 huongeza miligramu 0.5 kwa kila lita. Baada ya dakika 30 hupima, na ndoo iliyobakiwa na kiasi kinachotakiwa ndiyo inayotoa kipimo cha siku hiyo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi anaanza upya.

Kwenye fukwe za Goma, kila mara maji ya bomba yanapokatika, hufunguliwa vituo vya kutilia dawa. Ilikuwa hivyo Mei 2021, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoharibu tangi na mabomba, na karibu watu nusu milioni wakakosa maji. Mhudumu husimama karibu na wachotaji akiwa na bomba la sindano, humtilia kila mmoja dawa ndani ya dumu, na dumu hufungwa. Nusu saa ya kusubiri huisha mtu akiwa njiani kurudi nyumbani. Ni mpango rahisi sana, na umeokoa watu wengi, kwa sababu dawa husafiri pamoja na maji hadi jikoni.

Lakini hata hapo kuna mtego. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9. Katika hali hiyo ya alkali, sehemu kubwa ya klorini hugeuka kuwa umbo lenye chaji ambalo huua polepole zaidi. Kipimo kilichofaa maji ya mto wa jirani huenda kisitoshe hapa, na muda wa kusubiri lazima uongezwe.

Pale dawa inaposhindwa

Adui mkubwa wa klorini ni tope. Chembe za udongo na mabaki ya majani huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu, na vijidudu hujificha ndani ya chembe hizo. Maji ya mafuriko huwa hivyo daima. Kwa hiyo maji huanza kwa kutulizwa. Shabu, iliyozoeleka pwani tangu zamani, hukusanya chembe zikazama. Unga wa mbegu za mlonge hufanya vivyo hivyo. Pakiti za unga zinazogawiwa kwenye maafa huunganisha kazi zote mbili: gramu 4 ndani ya lita 10, koroga dakika 5, acha yatulie, mimina kupitia kitambaa cha pamba, subiri dakika 20. Maji ya kahawia huwa angavu mbele ya macho, na hilo huwashawishi watu kuliko hotuba yoyote.

Kitambaa pekee pia si cha kudharau. Nchini Bangladesh, Rita Colwell na wenzake walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Bakteria hao hung'ang'ania viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo ndivyo hunaswa na nguo.

Klorini haiondoi chumvi, dawa za mashambani wala madini. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, floridi iliyomo majini hubaki palepale, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua. Huko kunahitajika vichujio vilivyotengenezwa kwa ajili ya maji ya mahali husika. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyompatia Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015.

Na kuna suala la wingi. Mtu mmoja anahitaji kama lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Mrija wa mfukoni unampa maji ya kunywa peke yake. Mikono haijanawiwa, na kipindupindu hupita mikononi pia.

Jambo lililozoeleka kabla ya maafa

Watafiti Daniele Lantagne na Thomas Clasen walifuatilia ugawaji wa vifaa vya kutakasia maji katika dharura nne, zikiwemo mafuriko ya Turkana mwaka 2009 na tetemeko la Haiti la 2010. Walipima kama familia ilikuwa na maji machafu na kama kifaa iliyopewa kiliyafanya salama. Kwenye mipango mingine hakuna kaya hata moja iliyofaulu. Kwenye mpango bora zilifaulu asilimia 67.5. Mipango iliyofanya vizuri iliwapa watu njia waliyokuwa wakiijua tangu kabla ya maafa, pamoja na vyombo na maelekezo.

Hapa ndipo Afrika Mashariki ina akiba isiyoonekana. Chupa za WaterGuard na vidonge vya maji huuzwa kwenye maduka ya mtaani na ya dawa, na mama wengi wameshawahi kuvitumia. Ghala la maafa la wilaya linalojazwa vifaa vigeni, vyenye maelekezo kwa lugha isiyosomwa, linaanza nyuma. Hata vidonge vyenyewe huleta mkanganyiko: kimoja cha miligramu 67 kinatosha lita 20, kingine ni cha ndoo ndogo, na vikigawiwa pamoja mtu hukosea.

Anayeishi bondeni asisubiri tangazo la mvua. Awe na madumu mawili yenye mdomo mwembamba na vifuniko, kitambaa safi cha kuchujia, na dawa ya maji ambayo tarehe yake haijapita, ikiwekwa mbali na jua kwa kuwa mwanga huipunguzia nguvu. Afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na aitumie nyumbani wiki moja mvua zikiwa bado mbali, ili watoto waizoee harufu. Maji yenye harufu hiyo hafifu yana ulinzi ndani yake, na mtoto aliyekwisha kulijua hilo hatayakataa siku atakapokuwa hana mengine ya kunywa.