Jogoo wa Nani?

Zamani za TANU wanachama waliahidi kwa vinywa vyao kwamba hawatatoa wala kupokea rushwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaitazama na mikono: kiongozi asiwe na mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, Chama Cha Mapinduzi kiliyalegeza masharti hayo. Hotuba juu ya rushwa hazikukoma.

Wala si wakubwa peke yao. Hapa kwetu Singida twamwona mzee wa kanisa akilaani hongo Jumapili, na Jumatatu aketi barazani kuamua shauri la shamba, hali jogoo wa mdai amekwisha fungwa uani kwake. Yeye amwita zawadi. Watoto wake, tuwafundishao katekisimo, wamsikia akiwika alfajiri, nao watuuliza ni jogoo wa nani.