Bustani ya Vyunguni (3): Mlimau Wenye Njaa Katikati ya Chakula

Wiki jana tulichanganya udongo, nami nikasahau kutaja makumbi ya nazi. Yakichambuliwa na kukatwakatwa hulegeza udongo wa chunguni vizuri mno, ila uliza kwanza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa ufukweni ili yatoe usumba yamelala kwenye maji ya bahari kwa miezi. Yaoshe kwa maji baridi mara tatu au nne, la sivyo utakuwa umepanda asmini kwenye chumvi.

Sasa maji. Jirani yangu wa Tegeta ana milimau minne kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa matako. Aliniita juzi akiwa amekata tamaa. "Mwalimu, samadi nimetia, mbolea ya dukani nimetia, mpaka jivu la jikoni nimetia. Mbona inazidi kuwa ya njano?"

Niliinama kuangalia. Majani machanga ya kileleni yalikuwa njano, lakini vishipa vyake vimebaki kijani, utadhani mtu kavichora kwa kalamu. Majani makongwe ya chini hayakuwa na neno. Mmea uliokosa naitrojeni huanza kugeuka njano chini, kwa sababu huinyang'anya kwenye majani ya zamani ukayalisha machanga. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo; yakikosekana, anayeumia ni jani changa.

Ajabu ni kwamba ndoo zile zilijaa udongo mwekundu, na wekundu huo ni chuma chenyewe, kimeshika kutu. Mlimau ulikuwa umesimama ghalani ukifa njaa. Ufunguo wa ghala hilo ni pH, kipimo alichokibuni mkemia Mdenmark, Søren Sørensen, mwaka 1909, akiwa kwenye maabara ya Carlsberg, watengeneza bia wa Copenhagen. Saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alikali, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi. Mimea mingi ya vyunguni hustawi kati ya 5.5 na 6.5. Ikipita 7, chuma hung'ang'ania udongoni na mizizi haikipati.

Jirani anamwagilia maji ya kisima. Hapo karibu ni Wazo, kilima kinachochimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, na maji yanayopita kwenye mawe hayo huja na chokaa yake. Nilimwomba birika, ndani lilikuwa na ukoko mweupe kama ganda la yai. Kila anapomwagilia anaongeza chokaa kidogo, na lile jivu, ambalo nalo ni alikali, lilikuwa kumpiga aliyekwisha kuanguka. (Kuna wanaozika misumari chunguni ili kuongeza chuma. Kutu juu ya kutu!)

Huna karatasi za kupimia pH? Chemsha choya, udondoshe matone machache ya maji yake mekundu kwenye glasi ya maji ya kisima. Wekundu ukidumu, kuna tindikali. Ukigeuka zambarau iliyopauka, na hasa ukielekea ukijani, maji yako ni ya alikali.

Dawa ya kwanza ni mvua. Kinga maji ya paa, ukiacha ya dakika chache za mwanzo yaoshe vumbi, uyatunze kwa mimea inayochagua: milimau, iksora, asmini. Kama mvua hakuna, kamulia limau kidogo kwenye ndoo ya maji, upime tena. Usikisie, tindikali ikizidi huunguza mizizi.

Kwenye kulisha watu wengi hukosea kwa ukarimu. Mbolea ya NPK ya 17-17-17 uliyozoea kuirushia shambani kwa kiganja, chunguni iyeyushe: kijiko cha chai, yaani kama gramu tano, kwa lita tano za maji, kila baada ya wiki mbili, na udongo uwe umelowa kwanza. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa chungu, hizo ni chumvi za mbolea na chokaa. Acha kulisha, mwagia maji mengi ya mvua hadi yatiririke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani.

Jirani ameacha jivu. Yale majani ya njano nimemwambia asiyahesabu, huenda yasirudi, aangalie vichipukizi. Jana ndoo moja ilitoa kimoja cha kijani. Tatu bado zimenuna.

Jumapili ijayo: vidukari, na sabuni ya kipande.